Mpira Uliokwisha Kuvutwa

"Mwenzangu, nikuulize kitu, na usinikasirikie," jirani mshonaji alimwambia siku moja, wakiwa wanaanika nguo, kila mtu upande wake wa kamba. "Hivi ni kweli kwamba huko kiwandani kazi yako ni kukaa kitini unatazama mpira ukichoka?"

Aliyeulizwa alikuwa ameuma kibanio cha nguo kwa meno. Akakitoa taratibu, akabana shuka, akalinyoosha pindo.

"Ni kweli," akasema. "Na nikichoka mimi kabla ya mpira, naambiwa mvivu."

Mshonaji alicheka mpaka akaangusha fulana iliyolowa. Lakini mwenzake hakuwa ametania. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili. Kiwandani walimwita Mama Kibano, na jina lilikuwa limeganda. Hata mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye tangu mwanawe, mume wa Mama Kibano, afariki, alimwita hivyo alipotaka kumchokoza.

Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na ukumbi mmoja wa mashine, ghala, ofisi ya msimamizi yenye dirisha la kutazamia kazi za watu, na mwisho wa ujia, chumba cha kupimia. Walitengeneza mipira ya mifuniko, yaani ile miduara laini inayokaa kati ya chombo na kifuniko chake, mvuke usipate mwanya wa kutorokea. Mingi ilikwenda zahanati na hospitali, kwenye zile sufuria kubwa za mvuke zinazochemshia mikasi na visu vya upasuaji. Mfuniko ukivuja, joto halifiki panapotakiwa, na mkasi unatoka ukiwa safi kwa macho tu. Mama Kibano aliambiwa hayo siku yake ya kwanza mezani, na hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Mpira ule haukuwa mpira mtupu. Mpira mtupu ni mlaini mno, ukiubana haukumbuki ulikotoka. Kwa hiyo ulikandwa pamoja na unga wa mchanga mweupe, laini kuliko unga wa ngano, na ndani yake ikatiwa dawa ya kushikisha, maana mchanga na mpira si ndugu. Bila dawa hukaa pamoja kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Vikishikana vizuri, mpira unakuwa na nguvu ya jiwe na upole wa ngozi. Visiposhikana, kwa macho hutaona chochote. Utajua baada ya muda, mfuniko unapoanza kutoa mvuke pembeni.

Kazi ya Mama Kibano ilikuwa kuujua huo muda kabla haujafika. Alichukua kipande kilichokatwa umbo la mfupa wa kuku, kinene kwenye ncha na chembamba kiunoni, akakifunga kwenye kimoja cha vibano vitatu vya mezani, akakivuta mpaka kwenye alama nyekundu, akafunga komeo. Mshale wa kipimo ukaruka ukasimama, tuseme, kwenye arobaini. Kisha akakaa. Hakuna aliyegusa kitu. Kipande hakikurefuka wala hakikukatika. Lakini mshale ulishuka. Dakika ya kwanza ulishuka haraka, saa ya kwanza polepole, na baada ya hapo ungedhani umelala, ila kesho yake asubuhi ungeukuta chini ya ulipouacha. Mpira ulikuwa umevutwa ukabaki umevutwa, na ndani kwa ndani ulikuwa ukilegea. Mshale ukishuka vistari sita au pungufu kufikia asubuhi, mzigo unapita. Ukizidi sita, mzigo wote unarudi.

Kulikuwa na sheria moja ya meza ile, na Mama Kibano aliishika kama anavyoishika sala yake ya asubuhi: kipande kikishavutwa mara moja, kisipimwe tena. Mpira wenye mchanga ndani yake hutoa ugumu wake wa kwanza mara moja tu. Uvute, uuachie, utaona umerudi vilevile. Lakini ukiuvuta mara ya pili, unakuwa laini zaidi na haulegei tena sana. Mtu asiyejua atausifu. Kwa sababu hiyo kila kipande kilichotoka kibanoni kilitiwa nukta ya wino wa buluu.

Na hapa pana jambo la kusimulia. Mama Kibano aliingia kiwandani kama mfagiaji, mwenye elimu ya darasa la saba na watoto wawili. Mpimaji wa wakati ule alikuwa mzee mmoja mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Siku moja mzee yule alichanganya vipande, vilivyovutwa na visivyovutwa, nukta hazijawekwa, akakaa ameshika kichwa. Mfagiaji akaegemeza ufagio ukutani, akavichukua kimoja kimoja, akavibinya na kuvivuta kidogo kwa vidole. "Hiki tayari. Hiki bado. Hiki tayari." Mzee akavijaribu kibanoni. Hakukosea hata kimoja. Mwezi uliofuata akavishwa koti jeupe, na mzee alipostaafu akamwachia kiti. Hivyo kiti kile alikipata kwa vidole vyake.

Miaka ikaenda. Vidole navyo vikaenda. Kwanza kile cha shahada kilianza kufa ganzi asubuhi za baridi, kisha vingine vikafuata, na joto la vipande vinavyotoka kupikwa likamaliza hisia iliyosalia. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba kibano ndicho kinachopima, si kidole, na nukta ya buluu ipo. Ilikuwa kweli, mradi nukta iwepo.

Jumatatu ile walikuja wageni, wanafunzi kumi na watano wa chuo cha ufundi. Msimamizi, kijana mtanashati mwenye suruali isiyokubali mkunjo, aliwaleta mpaka chumba cha kupimia.

"Huyu ndiye Mama Kibano," akawaambia. "Mpira wowote humu ndani humwogopa yeye kuliko mimi."

"Mpira hauogopi mtu, baba," Mama Kibano akasema. "Unachoka tu, kama sisi."

Wakacheka. Mezani palikuwa na trei ya vipande kumi na viwili vya mchanganyiko mpya, kazi ya mkemia, binti mmoja aliyekuwa na mwaka mmoja kiwandani. Alikuwa ameongeza mchanga na kubadilisha dawa, akitumaini mifuniko ingedumu mara mbili. Mama Kibano alivuta vipande sita ili wageni waone mshale ukiruka na kushuka, akavilaza upande wa kushoto wa trei. Akanyoosha mkono kuchukua kalamu ya buluu. Haikuwepo. Msimamizi alikuwa ameichukua wageni wasaini kitabu, kisha akaondoka nayo ikiwa mfukoni.

"Nitatia nukta baadaye," akajisemea. Kengele ya chakula ikalia.

Aliporudi, mfagiaji alikuwa amepita, meza inang'aa, trei imerudishwa mahali pake. Ila ilikuwa imegeuzwa. Kushoto kumekuwa kulia. Trei haina mdomo wa kusema. Na Mama Kibano, ambaye miaka ishirini na miwili hakuwahi kuacha kipande bila nukta, alikuwa amekwisha kuamini kwamba kisicho na nukta ni kipya, na mchana ule akazisahau nukta alizojiahidi.

Jumanne asubuhi akachukua vipande vitatu vya upande wa kulia, akavifunga kila kimoja kibanoni mwake. Mshale ulisimama kwenye thelathini na sita. Akashangaa kidogo, kwa kuwa alizoea arobaini, akasema ni hiyo dawa mpya. Kesho yake asubuhi, kila mshale ulikuwa umeshuka vistari viwili tu.

Mkemia alipoona aliruka kama mtoto. "Viwili, mama! Viwili tu! Umewahi kuona?"

"Sijawahi, mwanangu."

Hakusema uongo. Akaandika matokeo, akatia sahihi. Msimamizi akaja mwenyewe kutazama, akampa mkono mkemia, akampa mkono na Mama Kibano. Mipira mia tatu ikafungwa kwenye maboksi ikingojea lori la Alhamisi asubuhi.

Jumatano hiyo hiyo jioni, kabla jua halijazama, mshonaji alikuja na sketi ya mama mkwe aliyokuwa akiitia lastiki kiunoni. Bibi alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akisimamia kazi kwa mdomo kwa kuwa macho yalikuwa yamepungua.

"Usiibane sana," bibi akaonya. "Mimi si gunia."

"Na isipobanwa itakuvuka sokoni, bibi, tufe kwa aibu sote." Mshonaji alikata kipande cha lastiki, akakishika ncha mbili, akakivuta, akakiachia. Akakivuta tena, akakiachia. Mara tano.

"Wanitesea lastiki yangu kwa kosa gani?" bibi akauliza, maana alisikia ikilia.

"Lastiki mpya inadanganya, bibi. Nikiipima sasa hivi, baada ya siku mbili sketi inapwaya. Lazima niichokoze kwanza. Ikishavutwa ndiyo inatulia, haiendi tena popote. Muulize mkweo, yeye ndiye mwalimu wa kuchoka."

Bibi alicheka. Mama Kibano hakucheka. Alikuwa akipepeta mchele, na mikono yake ilisimama ungo ukiwa hewani. Maneno yale aliyajua kabla mshonaji hajakaa kwenye cherehani. Lakini kuyajua ni jambo moja na kuyasikia wakati wake ni jingine. Ikishavutwa ndiyo inatulia. Thelathini na sita badala ya arobaini. Vistari viwili. Trei. Kalamu.

"Vipi, umemeza sindano?" mshonaji akamuuliza.

"Nipe hiyo lastiki," akasema. "Na nikatie kipande kingine, kipya, urefu huo huo."

Mshonaji akampa. Mama Kibano akamkabidhi mama mkwe vyote viwili. "Mama, vichanganye nyuma ya mgongo wako, kisha nipe kimoja kimoja."

"Tumekuwa watoto?"

"Tafadhali, mama."

Bibi akavichanganya, akatoa kimoja. Mama Kibano akafumba macho, akakibinya, akakivuta kidogo. "Hiki kipya," akasema.

"Kimeshavutwa hicho," bibi akasema papo hapo. "Hata mimi kikongwe nakijua. Kimelegea kama shavu langu."

Wakarudia. Akakosea tena. Mara ya tatu akapata, lakini alijua kwamba alibahatisha. Mshonaji akaikunja sketi ya bibi.

Bibi alinyoosha mkono, akaipapasa mikono ya mkwewe, akavibonyeza vidole kimoja kimoja kama anavyopima embe. "Tangu lini?"

"Miaka mitatu, mama. Labda minne."

"Na huko kazini wanajua?"

"Hawajui."

Bibi akaviachia vidole. "Basi kesho watajua," akasema. "Maliza mchele, nina njaa."

Mama Kibano alipika, wakala. Kabla ya kulala aliomba kama kawaida yake, akawaombea watoto, mama mkwe na marehemu. Kuhusu vidole hakuomba. Aliona si haki kumtwika Mungu kazi aliyopaswa kuifanya yeye. Aliijua hesabu yake. Akisema, atakuwa amesema mawili kwa pamoja, kwamba alipima vibaya, na kwamba kile kilichompa kiti hakipo tena. Koti jeupe lingeweza kugeuka ufagio tena. Asiposema, kuna mahali muuguzi angefungua mfuniko, akatoa mkasi, akauamini.

Alhamisi saa mbili asubuhi lori lilikuwa limeshageuza mkia mlangoni mwa ghala, na boksi la kwanza limeinuliwa. Mama Kibano alimkuta msimamizi amesimama na karatasi yake.

"Baba, naomba maboksi yasubiri."

"Yasubiri nini, mama?"

"Nimepima vipande vilivyokwisha kuvutwa. Vile vya wageni."

Msimamizi alimtazama, akatazama karatasi. "Lakini sahihi hii hapa ni yako."

"Ni yangu. Naomba unirudishie."

"Mama, sahihi si sahani, mtu aazime na kurudisha. Dereva amekuja. Kule wanasubiri. Una hakika, au unadhani?"

"Sina hakika. Ndiyo maana nasema yasubiri. Ningekuwa na hakika ningekwambia yatupwe, au yaende."

"Miaka yote hii hujawahi kukosea!"

"Basi nimeanza."

Dereva alizima injini. Mkemia alikuwa amefika na kusimama nyuma yao, daftari kifuani. Ule ulikuwa mchanganyiko wake. Vile vistari viwili alikuwa ameshawapigia simu wazazi wake kuwaeleza. Msimamizi akamgeukia kama mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea. "Wewe unasemaje?"

Binti alikawia. "Mshale ulianzia wapi, mama?"

"Thelathini na sita."

"Na mimi niliona," mkemia akasema polepole. "Niliona, nikasema ni dawa." Akampa msimamizi daftari alishike, akaingia ghalani. Alirudi na vipande sita vipya, ametoka kuvikata kwenye mzigo ule ule, akavitia mkononi mwa Mama Kibano bila kumtazama. "Visivyoguswa na mtu," akasema.

Lori liliondoka na mizigo mingine. Maboksi yalibaki.

Siku nzima ile Mama Kibano alikaa mbele ya kibano. Mshale ulianzia kwenye arobaini na moja. Saa ya kwanza ulishuka vistari vinne. Hakuna aliyemletea habari wala chai. Msimamizi alipita dirishani mara tatu, akijifanya anakwenda mahali. Ijumaa asubuhi mkemia alifika kabla yake, na Mama Kibano alipomkuta ameinama juu ya kibano hakuhitaji kuuliza, ila aliuliza.

"Vingapi, mwanangu?"

"Tisa."

Wakakata mpira mmoja wa mfuniko katikati, wakautazama kwa kioo cha kukuzia. Ndani, mchanga ulikuwa umejikusanya vidonge vidonge, vyeupe, kama ugali uliosongwa kwa haraka. Dawa mpya ilitaka kukandwa kwa muda mrefu zaidi, na haikukandwa. Mkemia alivuta pumzi. "Dakika ishirini zaidi kwenye mashine," akasema. "Pengine thelathini. Nitajaribu Jumatatu." Kisha akaongeza, akiwa bado ameinamia kioo, "Ungenyamaza ningesifiwa mwezi mzima."

"Na baada ya mwezi?"

"Baada ya mwezi ningetamani ardhi inimeze." Akamsogezea kioo. "Ona hiki kidonge, mama. Kikubwa kama chawa."

Mipira mia tatu ilikatwakatwa mchana ule. Saa tisa Mama Kibano aliitwa ofisini. Msimamizi hakumkaripia. Alimwekea karatasi tupu mezani.

"Wakubwa wanataka maelezo kwa maandishi," akasema. "Kilichotokea, kwa nini, na unachotaka. Andika ukweli, mama. Mimi nitayapeleka kama yalivyo."

Mfukoni mwa shati lake palikuwa na kalamu tatu. Moja ilikuwa ya buluu, na kwenye shingo yake pamefungwa kipande kidogo cha uzi mwekundu, alama aliyoiweka Mama Kibano kwa mkono wake mwaka jana ili isipotee. Aliiona. Msimamizi naye alifuata macho yake, akainamisha kichwa akaitazama, masikio yakamwiva. Akaichomoa, akampa.

Mama Kibano alikaa kwenye kona ya meza, akaandika kwa mwandiko wa shule ya msingi, herufi za mviringo zinazosimama wima, akitua kila baada ya mstari ili kukumbuka kama kuna alichoacha. Aliandika kwamba Jumatatu alivuta vipande sita mbele ya wageni, na hakuvitia nukta, kwa kuwa kalamu haikuwepo mezani. Hakuandika kalamu ilikuwa kwa nani. Aliandika kwamba alipaswa kushtuka mshale uliposimama kwenye thelathini na sita, na hakushtuka. Aliandika kwamba vidole vyake havitofautishi tena kipande kipya na kilichovutwa, kwamba aliyajua hayo kwa miaka mitatu akayaficha, na kwamba kama kiti kinahitaji mwenye vidole, akabidhiwe mwingine, naye atamfundisha kwa moyo mmoja. Pakabaki nafasi ya mistari mitatu chini ya karatasi. Akafikiri kidogo, akaandika la mwisho.

"Kama nitaendelea, naomba kalamu ya wino wa buluu ifungwe kwa uzi kwenye mguu wa meza ya kupimia, uzi uwe mfupi, ili mtu yeyote anayetaka kuitumia aje aandikie hapo hapo."